Ndimu Haina Uchungu

Majuzi nilikuwa napitia muswada wa hadithi. Mhusika analamba kipande cha ndimu, kisha "anakunja uso kwa uchungu". Nikaupigia mstari uchungu ule. Ndimu ni kali, au ni chachu. Uchungu uko kwenye shubiri, kwenye kwinini, kwenye nyongo. Sisi tunaohariri tunakutana na kosa hili mara kwa mara, na wanaolifanya si wanafunzi peke yao.

Ulimi wenyewe hauchanganyi. Uchachu unatokana na asidi: ikishakutana na mate hutoa ioni za haidrojeni, nazo hupenya ndani ya seli za kuonjea kupitia protini iitwayo OTOP1, ambayo kazi yake katika ladha hii ilithibitishwa mwaka 2019. Uchungu una njia zake nyingine kabisa, vipokezi vya aina 25 hivi kwa binadamu. Ukubwa wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, alichokianzisha Mdenmaki Søren Sørensen mwaka 1909. Kila namba inaposhuka kwa moja, asidi huongezeka mara kumi. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na ushei, maziwa ambayo hayajaharibika yako karibu na 6.7. Fanya hesabu, utaona tofauti inapita mara 10,000.

Sasa chukua hayo maziwa, mabichi, uyaache mezani ndani ya kikombe. Saa za mwanzo huoni kitu. Kumbe bakteria waliomo wanakula sukari yake na kutoa asidi ya laktiki. pH ikifika 4.6 hivi, protini inaganda. Ukikiinamisha kikombe, linatangulia bonge, yanafuata maji yenye rangi ya kijanikijani. Mtu ananusa, anarudisha kichwa nyuma, anasema: yamechacha.

Hilo ni tendo. Ndimu ni kali tangu mtini, hakuna anayesema imechacha. Kinachochacha ni kile kilichokuwa salama jana: maziwa, mchuzi, uji. Na hapo ndipo Kiswahili kinapoachana na lugha ambazo mtu "mchachu" ni mtu mnunaji. Kwetu huzuni na kinyongo tumeviachia uchungu: moyo mchungu, maisha yamekuwa shubiri. Kuchacha tumekupa vurugu. Vita vimechacha. Bahari imechacha. Mjadala ulikuwa wa kawaida, mara ukachacha. Kwa maoni yangu picha iliyo nyuma ya semi hizi ni ya povu, kitu kinachofura na kupanda bila mkono wa mtu. (Anayesema "nimechacha" kwa maana ya kuishiwa pesa yuko mbali kidogo na povu, ingawa hali yake nayo imeharibika.)

Chachu ni neno hilohilo likiwa kazini. Donge la unga uliochacha, likihifadhiwa na kuchanganywa na unga mpya, huuumua: hamira ya asili iliyomo hutoa gesi, bakteria waliomo hutoa asidi. Kuinuka na kuchacha vinatokea ndani ya bakuli moja, ndiyo maana neno linabeba sifa na lawama kwa pamoja. Katika Injili ya Mathayo, ufalme wa mbinguni unafananishwa na chachu sura ya 13. Sura ya 16 watu wanaonywa wajihadhari na chachu ya Mafarisayo. Anayeandika leo "chachu ya maendeleo" anachukua nusu ya kwanza, na hana kosa.

Ninachokipinga ni "zabibu chungu", tafsiri ya "sour grapes" ya Kiingereza ninayoiona ikitumiwa kwa mtu anayekidharau alichokikosa. Tayari tuna sungura aliyeruka na kuruka, akashindwa, akajiondokea: sizitaki mbichi hizi. Tena "mbichi" iko karibu zaidi na chanzo. Katika hadithi ya Kigiriki ya Aesop, mbweha anasema zabibu hazijaiva. Phaedrus, mshairi wa Kilatini wa karne ya kwanza, alimpa mbweha wake maneno mawili kwa mpigo: bado hazijaiva, sitaki kuzichuma zikiwa kali. Lugha nyingine zilibaki na ukali, sisi tukabaki na ubichi.

Liko neno moja zaidi ambalo huingizwa humu kimakosa, nalo ni ukakasi. Hiyo si ladha. Ni ule mkwaruzo wa tunda bichi lenye tanini, zinazong'ang'ania protini za mate hadi kinywa kikawa kikavu. Kauli yenye ukakasi basi ni ile inayokwaruza ikipita, hata kama haina tusi.

Kuhusu ule muswada, nilipendekeza "ndimu ikamtia ganzi meno". Methali iliyonukuliwa katika Ezekieli 18 ndivyo inavyosema kuhusu baba waliokula zabibu kali, ila ganzi ikawapata watoto wao. Mwandishi amekubali ganzi, lakini uchungu wake ameuhamishia ukurasa unaofuata, kwenye barua ya kuachwa. Huko nimeuacha.