Asilimia 100 si risiti

Juzi tena. Kijana niliyempa kazi ya ukurasa wa kupakia hati, wa ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa karibu na Kilindini, kaniletea: mstari wa kuonyesha upakiaji unajaa, unagonga 100, chini yake neno la kijani, "Imepokelewa". Nikamuuliza, nani kakwambia imepokelewa? Akanijibu, "Si ndiyo hiyo mia, kaka?"

Siyo. Na nimechoka kulisema hili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: XMLHttpRequest, zana ya kivinjari ya kutuma data kwa seva, inakupa loaded (zilizotoka) na total (jumla), unagawanya, basi. (Ukiwa umezoea fetch, zana mpya ya kazi hiyo hiyo, hapa iweke kando, haikupi matukio ya maendeleo ya kupakia.) Lakini loaded ni baiti ambazo kivinjari kimeshazitoa. Huenda bado zimekaa kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) ya simu ile ile, hata mnara hazijaufikia. Ndiyo maana picha ya kilobaiti 60 huruka kutoka 0 hadi 100 papo hapo hata mtandao ukiwa unajikokota. Ukimpa makanga mzigo wa Malindi, mikononi mwako umetoka; Malindi je?

Nikafungua msimbo wake. Neno la kijani kaliweka kwenye xhr.upload.onload. Hapo ndipo penye ugonjwa! Tukio hilo linasema kivinjari kimemaliza kutuma. Jibu la seva linakuja kwenye xhr.onload, bila upload katikati, na hata hilo huitika seva ikijibu 413 (ombi ni kubwa mno) au 500 (seva imeharibikiwa). Kwa hiyo soma status, namba hiyo ya jibu, kwanza, ndipo uandike "imepokelewa".

Kati ya matukio hayo mawili pana safari nzima. Nginx, seva inayokaa mbele ya programu, usipoigusa mipangilio yake, hupokea ombi lote kwanza ndipo iipe programu iliyo nyuma yake. Programu nayo ikague virusi, ihifadhi, iandike kwenye hifadhidata. Popote hapo panaweza kukwama. (Na client_max_body_size, kikomo cha Nginx cha ukubwa wa ombi, ni megabaiti 1 usipoibadilisha. Ibadilishe.)

Mwaka jana, kwenye mfumo mwingine, karani mmoja aliona kijani kama hicho akiwa Likoni, akafunga simu, akapanda feri. Asubuhi hati haipo. Kontena likabaki bandarini, gharama zikipanda, na lawama akatwishwa yeye. Dada wa watu alikuwa amesoma tu tulichomwandikia.

Kinachonisumbua bado ni ule muda baada ya 100. Mimi huondoa value (namba ya kiasi) kwenye progress, tagi ya HTML inayochora mstari, mstari ukawa unatembea bila namba, na huandika "Inahakikiwa, usifunge ukurasa". Wenzangu huusimamisha kwenye 90 hadi jibu lije. Nimeijaribu njia hiyo, na niliona watu wakidhani umekwama, wanaburudisha ukurasa, wanaanza upya na bando limeliwa. Yangu nayo haijaniridhisha: mtu akiwa na haraka, hayo maneno hayasomi.

Kwa faili kubwa angalau nina jibu. Likate kwa slice, amri ya kukata faili, vipande vya megabaiti 1, na usisogeze mstari mpaka seva ithibitishe kipande. Skani ya megabaiti 8 itaruka mara nane tu. Kijana kanilalamikia kwamba haipendezi, inarukaruka. Nimemwambia aiache irukeruke.