Hema unaliweka wapi? Chini kuko mazuku, juu kuko radi

Kila mara kikundi chetu cha kutembea hapa Goma kinapanga wikendi ya kulala mlimani, maswali yanayoingia kwenye WhatsApp yangu ni yale yale: sakado (mkoba wa mgongoni) ya ukubwa gani, hema la watu wangapi, tubebe unga wa fufu ama mikate. Mimi kazi yangu ni mawe na volkano, na kwa sababu hiyo njo wananipa kuongoza njia, kwa hiyo mimi naanza na swali lingine kabisa ambalo linawachosha: hilo hema mutaliweka wapi? Kwa sababu huku kwetu mahali pa kulala panaweza kuua mtu hata kama hema lake limetoka Ulaya.

Safari yenyewe nasema kwa kifupi. Barabara ikiwa wazi na usalama uko, gari mpaka Sake, kilometa kama 25 hivi magharibi mwa mji, halafu miguu, munapanda kuelekea Mushaki, munaacha mawe meusi ya lava munaingia kwenye malisho ya ng'ombe ya Masisi. Chefu wa kijiji anaambiwa mapema, si ile siku munatokea na mizigo kichwani. Fromaji (jibini) mutanunua huko huko. Basi.

Tuje kwenye mazuku, ile gazi ya kuua inayotoka ardhini. Kila mtoto wa Goma amesikia hilo jina, lakini wengi wanadhani ni kitu cha pembeni ya ziwa Kivu tu, cha Bulengo na Lac Vert. Ile gazi ni CO2 (kaboni dayoksaidi) inayotoka chini sana, inapita kwenye nyufa za udongo, na iko nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu. Haina rangi, haina harufu. Na haingoji mlipuko: 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo watu waliiona kwa macho, wakakimbia, lakini mazuku inaweza kuwa pale chini asubuhi yoyote na volkano imetulia kabisa. Ukanda wote kati ya Goma na Sake uko na mahali pa namna hiyo.

Sasa fikiria namna inavyotembea. Inatiririka kama maji, inatafuta shimo, inajaa pale. Mutu mzima anaweza kusimama ndani ya shimo na hasikii kitu kwa sababu kichwa chake kiko juu ya gazi, halafu anainama kufunga kamba ya kiatu na hapo hapo anaanguka. Mbuzi na mbwa wanaanza, halafu watoto. Na mutu aliyelala kwenye hema pua yake iko sentimeta chache tu kutoka chini, tena usiku, wakati hakuna jua wala upepo wa kuitawanya, njo saa mbaya kabisa mpaka asubuhi mapema. Ile kona nzuri iliyozungukwa na mawe, bila upepo, majani laini, ambayo wageni wote wanaikimbilia na kusema "hapa hapa", mimi njo ninaiogopa.

Kwa hiyo tukifika nafanya hivi: natembea kwanza nikiangalia wadudu ama ndege waliokufa bila sababu, halafu namimina maji kidogo kutoka bidoni na kuangalia yanakimbilia wapi. Kama yanabaki yamesimama pale pale kwenye kishimo, hapo hatulali. Kuna wale wanaoniambia wanateremsha kiberiti ama mshumaa shimoni, ukizimika wanaondoka. Sawa, ukizimika ondoka mbio, lakini moto unaweza kuendelea kuwaka wakati wewe kichwa tayari kinakuuma na pumzi inakuwa fupi, kwa hiyo moto kuwaka si ruhusa ya kulala. Na mwenzako akianguka mule, usiingie kumbeba! Wa pili anakufa hivyo hivyo, akijaribu kusaidia. Kamba, fimbo ndefu, mwite watu, mumvute mukiwa juu.

Hapo wajanja wananijibu, basi tulale kileleni kabisa, upepo uko, gazi haiko, na picha ni nzuri. Hapana.

Sisi tunaishi kwenye moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Vipimo vya setilaiti vya miaka 1998 mpaka 2013 viliweka Kabare, kule upande wa Bukavu, nafasi ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Kilele kitupu cha Masisi na hema moja limesimama juu, eti kwa ajili ya picha, mimi siwezi kukubali. Hema halikingi radi hata kidogo. Mti wa mkaratusi uliosimama peke yake ni mbaya zaidi, na ng'ombe wanaokufa wengi chini yake hawapigwi wote moja kwa moja, umeme unapita kwenye udongo, unapanda mguu mmoja unashuka mwingine. Njo maana mvua ya radi ikiwakuta wazi, munachuchumaa miguu pamoja, musilale chini, na musishikane, kila mutu mbali kidogo na mwenzake. Ukiona mwanga hesabu sekunde: tatu ni kama kilometa moja. Chini ya sekunde 30 muwe tayari mumeshashuka kutoka juu.

Basi inabaki katikati, begani mwa mlima, pahali pana mteremko kidogo wa kutoa hewa na maji. Lakini pia si kwenye korongo, hata kama ni kavu: Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Mei 2023, mvua ilishusha maji na mawe kutoka milimani na watu zaidi ya 400 wakafa.

Kitu cha mwisho ni mbabula, lile jiko la makaa. Baridi ya Masisi usiku inauma, na kila safari kuna mutu anataka kuingiza makala hemani "kidogo tu". Gazi ya makala nayo inaua, lakini ni nyingine (monoksidi ya kaboni), hiyo haikai chini, inachanganyika na hewa yote ya hema, kwa hiyo kulala juu ya mizigo hakukusaidii. Mbabula inabaki nje, ndani munaingia na blanketi mbili, na kofia.