Wali Umeuacha, Wanga Hujauacha

"Mwanangu, wali nimeuwata," aliniambia mzee mmoja wa Matondoni alasiri ya Jumanne iliyopita, kidole chake kikiwa tayari kimenyoshwa kwa ajili ya sindano, na kwa kuwa alikuwa mtu wa nne kuniambia maneno hayo katika wiki moja, sikuhitaji kuisubiri mashine ili nijue kwamba itakachosoma hakitamfurahisha yeye wala mimi. Sukari ya damu ilisoma milimoli 14.2 kwa lita, saa mbili baada ya chakula cha mchana. Nikamuuliza, kwa upole niliojilazimisha kuwa nao, "Baba, wali umeuacha, mahali pake pameingia nini?" Akanijibu kwa fahari ya mtu aliyetimiza masharti yote. Mchana anakula chapati tatu za unga wa atta, yaani ngano iliyosagwa pamoja na pumba zake, kwa sababu unga huo si mweupe, na usiku anakula muhogo wa nazi, kwa sababu muhogo ni chakula cha shamba na chakula cha shamba hakina sukari.

Ninafanya kazi ya lishe hapa Lamu, na kama ningelipwa shilingi kumi kila niliposikia kwamba mtu ameuacha wali, ningekuwa nimekwisha kununua jahazi. Kuacha wali si kupunguza wanga. Mara nyingi ni kuubadilisha jina tu, kisha kuula zaidi kwa sababu jina jipya halitishi.

Wanga wa mchele, wa ngano, wa mahindi, wa mtama na wa muhogo wote umejengwa kwa chembe zilezile za glukosi zilizoshikana kama mnyororo, na utumbo ukishaukata mnyororo huo, damu haiulizi chembe zimetoka shamba gani. Wali mweupe uliokwisha kupikwa una karibu gramu 28 za wanga katika kila gramu 100. Muhogo una kama gramu 38, ndizi mbichi ya kupika hupita 30 kidogo, na kiazi kitamu kina kama 20. Mzee wangu alipoukimbia wali akaukumbatia muhogo, aliruka majivu akakanyaga moto, na muhogo wenyewe hauna hata protini ya kumfidia.

Sasa nije kwenye atta, kwa sababu hapa ndipo ninapochoka. Unga mweupe wa ngano una karibu gramu 76 za wanga katika gramu 100, na katika hizo 3 hivi ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki sukari mwilini. Atta una karibu 72, na kama 11 katika hizo ni nyuzinyuzi. Ukitoa nyuzinyuzi, unabaki na 73 kwa unga mweupe na 61 kwa atta. Tofauti hiyo ipo, siidharau, na kwa tumbo lenye tabia ya kufunga ni neema. Lakini chukua kilo moja ya unga inayotoa chapati 14, hesabu ambayo mpishi yeyote wa hapa anaijua bila kalamu: kila chapati imebeba gramu 70 hivi za unga. Chapati moja nyeupe basi ina gramu 51 za wanga unaogeuka sukari, na ya atta ina 43. Tatu za atta zina 129. Sahani ya wali wa gramu 250, ile aliyoiacha kwa uchungu mkubwa, ilikuwa na 70. Sisi wa fani hii kwa kawaida tunauita mlo wa siku nzima kuwa mlo wa wanga kidogo unapokuwa chini ya gramu 130, kwa hiyo mzee alikuwa akiimaliza siku yote katika kikao kimoja cha mchana, na mafuta ya kukaangia sijayataja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulipitia haraka. Sifa za nafaka nzima zinatokana kwa sehemu kubwa na punje kubaki punje, kiasi kwamba utumbo unalazimika kufanya kazi kuifikia wanga iliyomo. Punje hiyo ikishasagwa kuwa vumbi laini, hata pumba zake zikiwemo, husagika tumboni kwa kasi inayokaribiana na ya unga mweupe. Ndiyo maana mtu hupima sukari baada ya mkate wa rangi ya kahawia na kushangaa. Sina ugomvi na mkate wa mofa, nimelelewa nao. Lakini mtama uliosagwa haukuwa dawa siku ulipoingia tanurini, na sima ya dona ni sima. Rangi ya chakula si kipimo cha wanga wake. Chai ya rangi haina wanga wowote hadi utie sukari, na hakuna anayeiogopa weusi wake.

Kosa lenyewe, kwa maoni yangu, linaanzia katika lugha kabla halijafika jikoni. Ukimuuliza mtu wa hapa anakula nini leo, atakuambia "wali". Ukimuuliza wali kwa nini, atakuambia "kwa samaki". Wanga ndio chakula, na kila kitu kingine ni kitoweo, yaani cha kuteremshia. Mama anapopanga mlo, swali la kwanza ni wali au sima au chapati, na akishalijibu anaona kazi imekwisha. Samaki, mchicha na kachumbari vinapangwa kwa kinachobaki cha pesa na cha muda. Mgonjwa akiambiwa apunguze chakula katika mpangilio huo, anasikia kwamba anaambiwa afe njaa, na ana haki ya kusikia hivyo, kwa sababu alichobakishiwa ni kipande cha changu na mchuzi.

Kwa hiyo mimi huanzia upande wa pili. Ninamtaka mtu aamue kwanza kitoweo, akikuze, kisha wanga uje kukiteremsha. Ukiwa na changu wa kupaka, mwongezee kipande cha pili, weka mchicha uliokaushwa vizuri au bamia au biringani kwa kiasi kinachojaza nusu ya sahani, kachumbari isiyo na aibu, na wali ule unaoenea katika kikombe kimoja cha chai, ambao una kama gramu 45 za wanga. Pweza, ngisi, kamba, kuku na mayai vinaingia hapo bila mashaka yoyote, kwa kuwa wanga wake ni mdogo sana au haupo kabisa. Gramu 45 si amri ya mbinguni. Wapo wanaohitaji chini ya hapo, na nahodha anayevuta kamba za tanga toka alfajiri si sawa na karani anayekaa kitini. Ni mahali pa kuanzia, halafu mashine ya sukari ndiyo inayotoa hukumu. Tukipata chini ya 10 saa mbili baada ya kula, wengi wa wagonjwa wangu ninawaacha wapumue.

Katika mpangilio huo wa kitoweo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kiazi. Kiazi kikiwa ndani ya mchuzi, ndani ya pilau, au chini ya biriani, watu hukihesabu kuwa mboga, nami nimeshindana na wapishi waliobobea juu ya suala hili hadi sauti ikanikauka. Kiazi ni wanga. Ukikitia kwenye mchuzi kisha ukala mchuzi huo kwa wali, umekula wanga kwa wanga. Mtego wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu unahusu chakula ninachokipenda na kukisifu: mbaazi, maharagwe, kunde na pojo. Hivi vina protini nzuri na nyuzinyuzi nyingi, na hupandisha sukari polepole kuliko wali. Hata hivyo si samaki. Kikombe cha mbaazi zilizochemshwa kina karibu gramu 40 za wanga, na kama 11 katika hizo ni nyuzinyuzi. Mtu akila mbaazi za nazi peke yake, au na yai na kachumbari, amekula vizuri sana. Akila kwa mahamri manne, mahamri ndiyo yenye kesi, ila mbaazi nazo zitaitwa kutoa ushahidi. Pojo kwa wali nayaruhusu, lakini wali hapo hushuka hadi nusu kikombe.

Kuhusu nazi, napata malalamiko ya pande zote mbili. Wapo waliolikataza tui nyumbani kwa madai kwamba linapandisha sukari, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa wanga wake ni mdogo. Wapo pia waliosikia kwamba ukipunguza wanga unaweza kunywa kasimele, yaani tui zito la kwanza, kama maji, nao wananitia hofu zaidi. Tui zito lina zaidi ya gramu 20 za mafuta katika gramu 100, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayoweza kupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Nakiri kwamba hapa mkono wangu hutetemeka. Mtu asiyekula wanga mwingi anahitaji mafuta ili ashibe na adumu, na samaki wa kupaka bila tui si samaki wa kupaka. Wakati huohuo, wengi wa wagonjwa wangu wa sukari wana presha na mishipa ya moyo ya kulindwa. Ninachofanya ni kuwaelekeza kwenye tui la pili kwa siku za kawaida, kasimele kwa Ijumaa, na kipimo cha lehemu baada ya miezi michache. Nisingemlaumu mwenzangu wa fani angeamua tofauti.

Wanaoandika mipango ya mlo huko mbali hawazijui pepo za Kusi. Pepo hizo zikichacha, kati ya mwaka, mashua nyingi hazitoki, samaki sokoni anakuwa haba na ghali, na mpango wangu wa kukikuza kitoweo unaanza kuonekana kama maneno ya mtu aliyeshiba. Wanga ni rahisi, hauozi upesi na haujali bahari imechafuka. Katika miezi hiyo nategemea mayai, pojo, kunde na mboga zinazovushwa kutoka Mokowe na Mpeketoni, na pia ng'onda na papa mkavu, kwa sharti kwamba alowekwe usiku kucha na maji yake ya chumvi yamwagwe, la sivyo tunaishusha sukari na kuipandisha presha. Bado sidai kwamba familia ya watu wanane inaweza kula hivyo kila siku kwa kibarua cha mtu mmoja. Hapo ninaomba mgonjwa peke yake apewe yai la ziada, na ninajua vizuri kwamba mama mwenye yai hilo atampa mtoto.

Wali wa kiporo, haraka: ni kweli kwamba wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hubadilika na kuwa mgumu kusagika, lakini nafuu hiyo ni ndogo, na wali uliolala juu ya meza katika joto letu hukuza vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto. Usiufanye kuwa mkakati.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi asianze lolote katika haya kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia dawa. Nasema hivi kwa aibu. Miaka ya mwanzo wa kazi nilimpunguzia mama mmoja wanga bila kuuliza sawasawa juu ya vidonge vyake, naye siku ya tatu aliletwa kliniki akitoka jasho na kutetemeka, sukari ikiwa 3.1. Maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari yalimwinua. Dawa ilikuwa ikiendelea kuishusha sukari ya wali ambao mimi nilikuwa nimeuondoa. Wajawazito na wenye maradhi ya figo nao wana hesabu yao tofauti.

Je, mpango huu unadumu? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la tiba la BMJ la Uingereza, ambao ulikusanya majaribio 23 ya vyakula vya wanga kidogo kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kwamba faida ni kubwa katika miezi 6 na hupungua sana ifikapo 12. Mimi sishangai. Miezi 12 ya Lamu haikosi Ramadhani, ambayo futari yake ni muhogo, ndizi, kiazi kitamu, tambi na kaimati kwa pamoja, haikosi Maulidi ya mfunguo sita, na haikosi harusi.

Halafu kuna sinia, ambayo sijaipatia ufumbuzi. Kikombe cha wali kinapimika kwa mtu anayekula sahani yake. Watu watano wakizunguka sinia moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na kumtengea mzee sahani yake pembeni ni kumwambia mbele ya wajukuu kwamba amekwisha kuwa mgonjwa. Nilichomshauri mzee wa Matondoni ni kwamba aanze na samaki na mboga, wali auguse mwishoni, kwa kuwa mpangilio huo wa kula huipunguza kasi ya sukari hata chakula kikiwa kilekile, na kwamba asile zaidi ya upande unaomkabili. Jana alirudi. Mashine ilisoma 9.8. Nikampongeza, naye akanitazama kama anayemhurumia mtoto. "Mwanangu," akasema, "mke wangu sasa huusukuma wali upande wa vijana kabla sijanawa, na mnofu wa samaki huulaza mbele yangu. Wao wanadhani ni heshima."