Je, wajua kwa nini mawe ya Bunge la Uingereza yalianza kumeguka kabla jengo halijakamilika?

Jiwe la Bismarck, mwamba wa itale pale Mwanza, limepigwa na mawimbi ya ziwa miaka nenda rudi, na bado lipo. Lakini Bunge la Uingereza, jengo la mawe kando ya mto Thames jijini London, lilianza kumeguka mafundi wakiwa bado kazini.

Jengo la zamani liliungua tarehe 16 Oktoba 1834. Chanzo chake ni karibu kichekesho: vibarua walipewa marundo ya vijiti vya kale vya Hazina, vilivyochanjwa alama za hesabu za kodi, wavichome kwenye matanuri chini ya ukumbi wa Malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge. Wakavisukumiza vingi mno. Michoro 97 ya jengo jipya ikashindanishwa, akashinda Charles Barry, na Augustus Pugin akabuni nakshi, tele kila upande.

Nakshi hizo ndizo zilizoamua jiwe. Waponda kokoto wa Mwanza wanajua itale inavyoikataa nyundo. Mchongaji wa maua na taji angelia. Baada ya tume kuzunguka machimbo, sehemu kubwa ya mawe ikatoka Anston, Yorkshire: mawe ya chokaa yenye magnesiamu, nafuu, yanayochongeka na kupatikana kwa vipande vikubwa.

Tatizo ni kwamba London ya wakati ule ilipika na kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe. Salfa ya moshi ikikutana na mvua huwa asidi, na asidi hula chokaa. Okota ganda la konokono ufukweni ulitumbukize kwenye siki: litatoa mapovu. Kipande cha itale hakitajali. Kwenye jiwe la Anston, asidi iliacha jasi juu na chumvi ya magnesiamu ndani ya vitundu. Chumvi ikikauka huota fuwele, na jiwe hupasuliwa kutoka ndani. Uharibifu ulionekana mwaka 1849, ilhali mnara wake wa Victoria, wenye jina la malkia yuleyule wa ziwa letu, ulikamilika 1860.

Hata hivyo, mimi siubebeshi moshi lawama zote. Machimboni hapakuwa na msimamizi wa kutenga mawe mabovu. Makumbusho ya jiolojia ya Jermyn Street, katika London hiyohiyo yenye moshi uleule, yalijengwa kwa jiwe la Anston lililochaguliwa kwa makini, nalo likadumu vizuri. Bunge lenyewe likaishia kuwekewa mawe mengine ya chokaa, ya Clipsham, kuanzia miaka ya 1930.