Je, Wajua Kwa Nini Secret Service Ilivamia Kampuni ya Michezo ya Mezani?

Asubuhi ya Machi 1, 1990, maafisa wa Secret Service, chombo kilekile kinachomlinda Rais wa Marekani, walifika kwenye ofisi za kampuni ya Steve Jackson Games mjini Austin, Texas. Kampuni hiyo ilichapisha michezo inayochezwa mezani kwa dadu, kalamu na vitabu vya kanuni. Maafisa waliondoka na kompyuta 3, diski zaidi ya 300 na rasimu za kitabu kilichokuwa kikikaribia kwenda mtamboni. Hawakumkamata mtu. Kampuni haikushtakiwa siku ile wala baadaye.

Walikuwa wanatafuta nini kwa watengeneza michezo?

Mwaka 1988 kijana mmoja aliingia bila ruhusa kwenye kompyuta ya kampuni ya simu ya BellSouth na kunakili waraka kuhusu uendeshaji wa 911, namba ya dharura ya Marekani. Februari 1989 waraka huo, ukiwa umefupishwa, ulitoka katika Phrack, jarida la wadukuzi lililosambazwa kwa kompyuta. Enzi hizo wapenzi wa kompyuta walikutana kwenye mbao za ujumbe. Mtu aliiunganisha kompyuta yake na laini ya simu kwa modemu, wenzake wakaipigia na kuacha barua, mafaili na mabishano yao. Mfanyakazi mmoja wa Steve Jackson Games alikuwa na ubao wa namna hiyo nyumbani kwake, na humo mlikuwa na nakala ya Phrack. Mtu huyohuyo alisaidia kuendesha ubao wa kampuni, ulioitwa Illuminati. Wapelelezi wakaunga nukta: akiwa na waraka nyumbani, huenda anao na kazini.

Ushahidi uliishia hapo. Lakini hofu ilikuwa kubwa. Januari 15, 1990, mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T ulikuwa umekwama kwa takriban saa 9. Chanzo kilikuwa kosa la programu ya AT&T yenyewe, ila wapo waliowashuku wadukuzi. Na tangu 1984 Secret Service ilikuwa imepewa na Bunge mamlaka juu ya uhalifu wa kompyuta.

Waraka wenyewe BellSouth iliuthamini kwa dola 79,449, na kwa thamani hiyo mhariri wa Phrack, Craig Neidorf, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Missouri, akafikishwa mahakamani Chicago Julai 1990. Utetezi ulipouchambua mchanganuo wa bei, ilibainika kwamba ndani yake mlikuwa na gharama ya kompyuta iliyotumika kuuandika, printa na programu zake. Kisha likaja jambo lililoimaliza kesi: taarifa za aina hiyohiyo ziliuzwa kwa yeyote aliyepiga simu kuagiza, kwa dola 13. Siku ya nne upande wa mashtaka ukaondoa kesi. Neidorf alikwenda nyumbani huru, na deni la mawakili la takriban dola 100,000. Mtu asiye na hatia hakupaswa kulipa bei hiyo.

Huko Austin adhabu ilitangulia hata tuhuma. Hati ya kiapo iliyoombea upekuzi ilifungwa kwa lakiri, yaani ilifanywa siri kwa amri ya mahakama, hivyo Steve Jackson hakujua kwa nini amepekuliwa. Vifaa vingi vilirudi mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo vitabu vilichelewa, fedha zikakauka na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Baadaye, katika kesi ambayo Jackson aliifungua dhidi ya Secret Service, ilikubaliwa kwamba kunakili vilivyomo kungechukua saa chache, au siku 8 kwa upeo.

Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanataka hati ya upekuzi itaje mahususi mahali pa kupekuliwa na kitu cha kuchukuliwa. Sharti hilo lilizaliwa zama za karatasi: afisa anatafuta daftari la hesabu, analichukua, anaacha makabati. Kompyuta ikaja ikiwa ndiyo daftari, kabati, mtambo wa kuchapa na sanduku la posta kwa pamoja. Ukiandika “kompyuta” kwenye hati, umebeba kila kitu, hata barua za watu wasiohusika. Ndani ya Illuminati mlikuwa na barua 162 ambazo wenyewe hawakuwa wamezisoma. Jaji wa kesi ya Jackson aliridhika kwamba maafisa walizisoma na kuzifuta, ingawa serikali ilikana.

Kesi ya Jackson iliungwa mkono na Electronic Frontier Foundation, shirika lililoundwa Julai 1990 na Mitch Kapor, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kompyuta ya Lotus, pamoja na John Gilmore na John Perry Barlow, mfugaji wa Wyoming ambaye alikuwa amehojiwa na FBI kuhusu programu za Apple zilizovuja, mambo yasiyomhusu. Mwaka 1993 Jaji Sam Sparks aliamua kwamba Secret Service ilivunja sheria ya 1980 inayokataza kuchukua kazi za mtu anayejiandaa kuchapisha, ikiwa yeye mwenyewe si mtuhumiwa. Sheria hiyo ilitungwa baada ya polisi kupekua gazeti la wanafunzi wa Stanford mwaka 1971. Afisa aliyeongoza upelelezi hakuwa hata akiijua. Kampuni ilipata fidia ya zaidi ya dola 50,000, na gharama za mawakili juu yake.

Kuhusu barua, ushindi ulikuwa nusu. Jaji alitoa fidia ndogo, dola 1,000 kwa kila mlalamikaji, kwa barua zilizohifadhiwa. Lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye kwamba kuchukua barua iliyokwisha kufika na haijasomwa hakuhesabiki kuwa ni kuidaka njiani, kwa hiyo ulinzi mkali dhidi ya udukizi wa simu haukuihusu. Kwangu hilo ni pengo la kweli: aliyeandika barua ile hakuwa na namna ya kujua iko njiani au imeshatua.

Na tukumbuke nini kilimwokoa Jackson. Alikuwa mchapishaji. Mei 8, 1990, katika Operesheni Sundevil, maafisa walipekua nyumba katika miji mingi ya Marekani na kubeba kompyuta zipatazo 42 na diski kama 23,000, huku waliokamatwa wakiwa wachache mno. Wengi waliopekuliwa walikuwa vijana waliokuwa na ubao wa ujumbe chumbani. Hawakuwa na kitabu kinachosubiriwa wala hesabu za hasara za kumwonyesha jaji, na sheria iliyomlinda Jackson haikuandikwa kwa ajili yao.