Je, wajua kwa nini mche uliopandwa Januari hufa Septemba?

Kila mwaka mvua zikishashika Dodoma, magari ya halmashauri hupakia miche kitaluni, waheshimiwa hushika makoleo, picha hupigwa, na miche kwa mamia huingia ardhini kando ya barabara, shuleni na kwenye bustani za mapumziko. Februari kila kitu kinapendeza. Pita tena Septemba: mingi imebaki vijiti. Watu husema mbegu ilikuwa mbaya, au mbuzi ndio wa kulaumiwa. Mbuzi wana lao, lakini chanzo kikubwa kiko chini ya udongo.

Kitaluni mche hulelewa kwa kudekezwa. Una kivuli, unamwagiliwa kila siku, na mizizi yake yote imo ndani ya kiriba cha nailoni chenye udongo wa konzi chache tu. Ukishapandwa, udongo ule ule ndio unaouendesha kwa siku za mwanzo. Ardhi ya pembeni inaweza kuwa imelowa vizuri na mche bado ukaona kiu, kwa sababu mizizi haijafika huko. Hapo ndipo mbio zinapoanza: mizizi ishuke chini kabla ukavu haujaiwahi.

Kwa Dodoma mbio hizo ni kali. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi saba hivi. Udongo hukauka kuanzia juu na kushuka taratibu, huku majani yakiendelea kupoteza maji mchana kutwa, na upepo wa Agosti na Septemba ukizidisha. Mche ambao mizizi yake imeshafika kwenye unyevu wa chini hustahimili. Ambao haukufika huonekana mzima hadi Juni, ukila akiba, kisha majani yanaanza kujikunja. Kwa hiyo mche uliopandwa mwishoni mwa Desemba na uliopandwa mwishoni mwa Machi si sawa hata kidogo, ingawa kwenye ripoti kila mmoja huandikwa mti mmoja.

Chimbua mche mmoja uliokauka uone. Mara nyingi utakuta kiriba bado kimeuvaa, maana siku ya sherehe kila mtu ana haraka na hakuna aliyekuja na wembe. Ndani yake mizizi imezunguka pale chini, imejisokota duara juu ya duara, ikitafuta pa kutokea. Kama nailoni ilitolewa, tazama shimo lenyewe: ardhi iliyokanyagwa na malori ya ujenzi huwa ngumu kiasi kwamba mizizi ikigusa ukuta wa shimo hugeuka na kurudi ndani. Kosa la tatu ni kuuzika mche kupita shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi. Watu hudhani wanaushikiza vizuri, kumbe gome la hapo huoza na mizizi hukosa hewa.

Halafu kuna miche mirefu, ile inayoagizwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Mimi siipendi. Ina majani mengi juu na mizizi michache chini, yaani matumizi makubwa na kipato kidogo. Mche mfupi wenye shina imara huanza kwa unyonge, lakini mara nyingi huupita ule mrefu baada ya misimu michache.

Umwagiliaji nao una namna yake. Kikombe cha maji kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu, ikisubiri jua liikaange. Ndoo ya lita 20 mara moja kwa wiki, ikimwagwa polepole kwenye kisahani cha udongo kilichochongwa kuzunguka shina, huzama na kuivuta mizizi chini. Wengine hutoboa chupa ya plastiki vitundu na kuifukia kando ya mche, maji yakadondoka taratibu. Matandazo ya nyasi kavu husaidia kutunza unyevu, ila yasiguse shina, maana mchwa wa huku hawahitaji mwaliko.

Ugumu ni kwamba maji hayo ya Agosti hayana mgeni rasmi. Serikali ya Tanzania iliagiza kila halmashauri ipande miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka, na kinachorahisisha hesabu ni kuhesabu mashimo, si miti iliyopona. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, nchini Kenya mwaka 1977, alikwenda kwa njia nyingine: akina mama walilipwa pesa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Malipo ya namna hiyo humfanya mtu aende na ndoo bila kusukumwa, na azungushie miba mbuzi wasisogee.

Hata bila malipo, unaweza kubashiri mche upi utapona. Ule ulio mbele ya kibanda cha mama lishe, au kwenye kijiwe cha bodaboda, una nafasi nzuri: maji ya kuoshea sahani yanaishia hapo, na wanaokaa pale wanakitamani kivuli chake. Ule wa katikati ya barabara mbili, ambao hauna mwenyewe, unategemea boza la halmashauri, na boza likiharibika Agosti ndiyo basi tena.

Kwa mwarobaini au mjohoro, kazi kubwa ni viangazi viwili vya mwanzo. Ukivuka cha pili ukiwa na majani, kwa kawaida mizizi imeshajitafutia maji chini, na ndoo inaweza kuhamia kwa mche mwingine.