E-kadherini na kusambaa kwa saratani ya matiti

E-kadherini ni protini inayochomoza kwenye utando wa seli na kushikana na E-kadherini ya seli jirani. Bila kalsiamu haishiki: kalsiamu ikiondolewa maabara, seli zilizokuwa zimeshikamana huanza kuachana. Mjapani Masatoshi Takeichi ndiye aliyefuatilia jambo hilo mpaka akaitambua jamii nzima ya protini hizi na kuziita kadherini, miaka ya 1980. Kwa ndani ya seli, mkia wa E-kadherini umeunganishwa na nyuzi za aktini, kiunzi kinachoipa seli umbo, kupitia protini nyingine ziitwazo katenini.

Protini hii ikikosekana hutokea nini? Jibu linaonekana vizuri kwenye saratani ya matiti ya lobula (lobula ni vitezi vinavyotengeneza maziwa), ambayo huwapata kama wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 wa saratani ya matiti. Mara nyingi jeni ya E-kadherini, CDH1, imeharibika. Kwenye hadubini seli hazikai kwa mafungu. Zinapenya tishu moja nyuma ya nyingine, mstari mwembamba. Mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza tishu kwa hadubini, akiwa na shaka, hukipima kipande cha nyama ya titi kwa rangi inayofichua E-kadherini: saratani ya mirija ya maziwa huonyesha mistari ya kahawia kuzunguka kila seli, ya lobula kwa kawaida haionyeshi kitu. Kwa kuwa seli zimetawanyika hivyo, mwanamke anaweza asipapase uvimbe wowote, ila sehemu ya titi imekuwa nene au ngumu, na hata mamografia, yaani eksirei ya matiti, isiione. Saratani ya lobula ikisambaa, hufika tumboni, kwenye utumbo na ovari mara nyingi zaidi kuliko ile ya mirija.

Wengi huishia hapo: gundi imekwisha, saratani imesambaa. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Saratani ya mirija ndiyo iliyo nyingi, kwa kawaida E-kadherini yake ipo, na bado inasambaa. Mwaka 2019 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuiondoa protini hiyo kwenye seli za saratani ya matiti katika majaribio ya panya. Seli zilivamia tishu za jirani kwa kasi zaidi, lakini nyingi zikafa kabla ya kuota kwingine, na saratani mpya zikapungua. Utafiti mwingine, wa 2014, ulikuta kwamba seli zinazosafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana zina uwezo wa kuanzisha saratani mpya mara 23 hadi 50 zaidi kuliko seli iliyo peke yake.

Kwa hiyo ripoti ya biopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa, ikisema E-kadherini haipo, inasaidia kutaja aina ya saratani. Haisemi kwamba imeshasambaa. Mara chache hitilafu ya CDH1 huwa ya kurithi. Hapo daktari atauliza pia habari za saratani ya tumbo katika ukoo, maana hitilafu hiyohiyo huileta, kama ilivyobainika mwaka 1998 katika familia za Wamaori wa New Zealand.